Nilinunua kompyuta kwa kuipima mkononi, halafu kitambaa changu kikataka kuniumbua

Hivi wakuu, kuna hata mmoja wenu humu aliyewahi kununua kompyuta kwa kuinyanyua tu, kama mnavyonyanyua kuku sokoni?

Mimi nimefanya hivyo. Na nitakayosema yote ni ya kweli, maana anayeandika ni mjukuu wangu na mambo yote aliyaona kwa macho yake. Nikiongeza hata kijiko kimoja cha chumvi atanikatiza hapahapa.

Salamu zenu wote, wakubwa kwa wadogo. Mimi ni bibi yenu Somoe, naishi Mpapura, huku kwetu Mtwara. Shule nilikaa mpaka darasa la pili, baba akasema inatosha, kuna mihogo ya kupalilia. Kwa hiyo mimi nasema, Zai anaandika. Nimemkataza kunisafishia maneno.

Zai ni mtoto wa binti yangu. Nimemlea tangu ananyonya vidole. Namwita mke mwenzangu, kwa sababu babu yake enzi za uhai wake alikuwa anajitapa kwamba ameoa wawili, mmoja mzee na mmoja hana meno.

Sasa msiniulize bibi mzima amefuata nini jukwaa la kompyuta. Nalijua hili jukwaa kuliko baadhi yenu!

Tukikaa kubangua korosho, mikono inafanya kazi, masikio yamekaa bure. Basi Zai ananisomea ule uzi wenu wa kuonyeshana mlichonunua. Nawajua nyote. Kuna yule aliyenunua keyboard inawaka taa kama harusi. Nikamuuliza Zai, hizo taa zinamsaidia kuandika? Akasema hapana Bibi, ni raha tu. Nikampenda mtu yule. Kuna mwingine kanunua monitor mbili, nikasema huyu atakuwa na macho manne.

Nikaapa moyoni, na mimi siku nikinunua changu lazima niwasimulie. Siku imefika, wakuu. Kaeni vizuri.

Iko hivi.

Zai anatengeneza katuni. Anachora kwenye kompyuta, halafu zinatembea na kusema. Na hadithi anazozichora ni zangu, zile nilizokuwa namlaza nazo. Sungura wangu sasa hivi ana kaptula ya bluu na sauti ni ya kwangu mwenyewe. Fisi pia mimi. Wote mimi, hata mlango unapolia kwiii ni mimi.

Watu fulani wa Dar wana chaneli ya watoto. Wakaona kipande kimoja, wakampigia. Wakasema tuletee hadithi moja nzima, Ijumaa saa kumi jioni mwisho. Ikitupendeza, utakuwa unatutengenezea mwaka mzima hukohuko kwenu.

Hukohuko kwenu! Mmesikia hilo neno? Kwa sababu mjomba wake alishamtafutia kazi ya kukaa mapokezi kwenye ofisi Dar, na alitakiwa aondoke Jumatatu inayofuata. Kazi ni kazi, sikatai. Lakini begi lilishatolewa chini ya kitanda, na mimi kila nikilipita lile begi nalipiga teke kidogo kama bahati mbaya.

(Zai hapa: haikuwa bahati mbaya hata siku moja.)

Shida ikawa laptop yake. Ilikuwa mgonjwa wa siku nyingi. Kioo kimefungwa na raba ya tairi la baiskeli, herufi tatu zimeng'oka, na ukitaka iwake lazima uiinamishe kidogo kama unamnywesha mtoto dawa. Siku nane kabla ya hiyo Ijumaa ikakata roho. Zai akaiinamisha, akaibonyeza, akaipuliza. Kimya.

Akakaa mlangoni. Halafu akasema, "Basi Bibi. Nitaenda tu Dar."

Nilikuwa na hela ya korosho za msimu uliopita, nimeiweka kwa ajili ya bati la jikoni. Nikatazama lile bati. Likanitazama. Nikasema wewe utavuja mwaka mmoja zaidi, hujafa.

Asubuhi tukaenda mjini.

Pale Chikongola kuna duka la Shabir. Huyu Shabir ni wa wale Wahindi wa Mikindani, babu yake ndiye aliyeniuzia khanga yangu ya kwanza ya uchumba, na alinipunja, na huwa namkumbusha kila nikimwona. Siku hizi wao wameacha vitambaa, wanauza kompyuta, mpya na za mtumba zilizotoka maofisini Ulaya.

"Bibi Somoe! Umekuja kudai khanga?"

"Leo nimekuja kudai kompyuta. Ya kuchora katuni. Usinipunje, ukoo wenu nina kesi nao."

Akacheka mpaka akashika meza. Akatutolea mbili, zile za kusimama wima, tower.

Ya kwanza, wakuu, nzuri kama bibi harusi! Nyeupe, kioo ubavuni, feni tatu zinawaka kijani zinakuja nyekundu zinakuja zambarau. Zai macho yakamtoka. Ya pili nyeusi tii, haina taa hata moja, juu ina vitundu vitundu kama chungio la tui, kona moja imebonyea.

Zai akaanza kumuuliza Shabir maswali yenu yale. RAM ngapi, graphics card gani, SSD au ile ya kuzunguka. Kwenye karatasi zote mbili zilikuwa zinakaribiana, na bei ndo hiyohiyo. Zai akasema, "Bibi, hii nyeupe."

Nikasema ngoja kwanza.

Sasa hapa ndipo mnisikilize. Mimi nimeuza korosho zaidi ya miaka arobaini. Mnunuzi anayejua kazi yake haangalii rangi ya ganda. Anachota kiganja, anaisikilizia uzito, halafu anakata katikati aone ndani. Na sisi tukichagua mbegu za kupanda tunazitia kwenye maji. Inayoelea tunatupa, ndani hamna kitu, upepo mtupu.

Basi nikajifunga khanga kiunoni, nikainyanyua ile nyeupe.

Jamani! Nyepesi kama kapu la mabibo makavu. Nikaiweka chini taratibu nisiiaibishe mbele za watu.

Nikashika nyeusi. Ilinivuta mgongo! Shabir akaruka, "Bibi utaumia!" Nikamwambia ningekuwa wa kuumia ningeumia na magunia ya korosho ya babu yake Zai.

Nikasema, "Hii. Lakini kwanza zikate zote mbili nione ndani."

"Nizikate?"

"Zifungue, wewe. Unaniuzia ganda?"

Zai alikuwa anatamani ardhi immeze. Kulikuwa na vijana wawili wamekuja kununua chaja, wakaacha chaja, wakasogea kuangalia sinema.

Shabir akachukua bisibisi, akazifungua. Akainama. Akanyanyua macho akanitazama, akatazama tena ndani.

Akamwonyesha Zai kile kiboksi kinachogawa umeme, power supply mnaiita. Kwenye nyeupe kilikuwa chepesi, nyaya nyembamba kama tambi. Kwenye nyeusi kizito, kina nyaya za kueleweka. Na juu ya ule ubongo wake, nyeusi ilikuwa na dude la shaba lenye mapezi mapezi la kupoozea joto. Nyeupe ilikuwa na kakitu kadogo ka bati na feni la kupepea sisimizi.

Shabir akasema, "Bibi, hii nyeupe imekuja juzi, mimi mwenyewe sikuwa nimeifungua. Kwa katuni ingekuzimikia." Halafu akawageukia wale vijana wa chaja, "Mmeona? Huyu ndio fundi."

Fundi! Mimi! Wakuu, nilitoka dukani natembea kama nimeolewa upya.

Shabir akatuongezea kioo na keyboard za mtumba, akatutafutia kirikuu ya mizigo ya kuturudisha. Nikakataa mashine isikae nyuma na mizigo. Niliipakata mbele, nimeifunika khanga, kila shimo la barabara naipa pole. Dereva akaniuliza, "Bibi, mtoto wa kike au wa kiume?" Nikamwambia wa kike, ana kilo kumi na kitu.

Tukafika. Zai akaunga nyaya, ikawaka, haikupiga hata kelele. Alipoifungua kazi yake, aliyokuwa ameihifadhi kwenye flash, sungura wangu akatembea bila kukwama kwama, mke mwenzangu akapiga kigelegele, na mimi nikapiga, na jirani akaja mbio akidhani tumepata mchumba.

Mkiona hapa mnafikiri mambo yameisha. Bado. Hapa ndipo mwenzenu nilipoharibu.

Kipindi hiki huku kwetu ni cha kupuliza salfa kwenye mikorosho. Lile vumbi la njano mnalijua? Linaingia kila mahali, ukifungua mdomo kusema neno umeshalila. Nikawaza, mashine nzuri namna hii, salfa iitie njano?

Na isitoshe, nyumbani kwangu hakuna kitu kinachokaa uchi. TV ina kitambaa. Redio ina kitambaa. Friji lina kitambaa juu na kingine mlangoni. Stuli zina vitambaa. Kinachokula umeme kwangu lazima kivae. Nimefundishwa hivyo na mama, na mgeni akiingia anajua hapa kuna mwanamke.

Basi nikakaa chini na kulabu yangu, nikafuma. Nyuzi nyeupe na nyekundu, maua katikati, pembeni vishada vya kuning'inia. Siku tatu. Kitambaa bora sijawahi kufuma tangu cha harusi ya binti yangu. Nikaivisha mashine. Kikakaa juu vizuri, nyuma kikashuka mpaka chini. Ilipendeza mpaka nikaita watu.

Zai alikuwa ameshamaliza kuchora, ilibaki kupika. Render, anasema hapa niandike render. Ni kwamba picha zote zinaingia jikoni zinapikwa zinatoka filamu. Inachukua saa nyingi.

Jumatano asubuhi akaiwasha kupika, akaenda kisimani.

Akarudi, imezimika.

Akaiwasha tena. Akaivua kitambaa, akakikunja pembeni, akafungua ubavu, akachungulia. Akapima joto, liko sawa. Ikapika vizuri saa nzima mbele yake. Akasema labda umeme ulikatika. Akafunga, akaenda kuoga.

Mimi nikapita, nikaona mtoto yuko uchi. Nikamvisha.

Zai akarudi, imezimika.

Wakuu, mchezo huu tuliucheza Jumatano nzima na Alhamisi nzima! Yeye anavua, inapika. Anaondoka, mimi navisha, inakufa. Na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa anakiona kile kitambaa. Mtu akiwa na vitambaa kila kona ya nyumba tangu azaliwe, macho yanavipita tu.

Zai akafuta vitu akaingiza upya. Akabadilisha waya. Akabadilisha soketi. Akaandika hata humu kuuliza, na baadhi yenu mkamjibu, Mungu awabariki, mkamwambia abadilishe RAM nafasi. Akabadilisha. Ikapika vizuri wakati yuko palepale. Akaenda kula, ikazima.

"Hii mashine inaogopa kuachwa peke yake," nikasema.

Hakucheka. Ndipo nikajua mambo ni mabaya, maana huyu hucheka hata msibani.

Ijumaa asubuhi nikamkuta anatia nguo kwenye begi. Akasema bila kunitazama, "Bibi, uzito sio kitu. Tungechukua ile nyeupe."

Lilinichoma. Nilienda nyuma ya nyumba nikajifanya napepeta. Ungo mtupu, napepeta hewa. Nikawaza, hela ya bati imeenda, mtoto anaenda, na yote kwa sababu bibi kizee alijitia anajua.

Halafu nikasema hapana. Ukoo wa Shabir hauwezi kunipunja mara mbili katika uhai mmoja. Nikarudi ndani nikamwambia Zai mpigie, ile ya kuonana uso.

Shabir akatokea kwenye simu, anakunywa chai. Nikamshambulia kabla hajameza. "Umenipa mashine ya kifafa!"

"Bibi, tulia. Zai, iko inapika sasa?"

"Imezima tena muda huu," Zai akasema.

"Geuza simu niione."

Zai akageuza simu. Shabir akasogeza uso karibu. Akaweka kikombe.

"Bibi Somoe. Hicho chenye maua juu yake ni nini?"

"Kitambaa," nikasema, nikajisikia fahari kidogo, "nimefuma mwenyewe."

"Na inakaa nacho muda wote?"

"Akikitoa huyu, nakirudisha. Kwani ninyi kwenu TV inakaa uchi?"

Zai akanitazama. Akatazama kitambaa. Akatazama vile vitundu vya juu ambavyo havionekani. Akaweka mkono juu yake, akautoa mbio, kama ameshika sufuria.

"Bibi," akasema pole pole, "hivi vitundu ndio pua zake."

Shabir alicheka mpaka simu ikamwanguka, tukawa tunaona dari la duka lake tu na tunasikia sauti inalia, "Ameivisha blanketi! Mtwara! Kwa joto hili!" Mkewe akaja akauliza kuna nini, akasimuliwa, akacheka na yeye. Mpaka wateja nadhani walicheka.

Zai alikaa chini sakafuni akacheka mpaka machozi. Na mimi nikacheka, ingawa jicho langu lilikuwa kwenye saa, kwa sababu ilikuwa ni saa tatu asubuhi na upishi unataka muda wa saa tano, na saa kumi ndio mwisho.

Tukaivua. Tukaipepea kidogo na ungo mpaka ikapoa. Zai akawasha.

Mimi nikavuta mkeka nikakaa mbele yake kama naangua vifaranga. Niliapa sitoki. Zai akatuchemshia ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, tukala na chumvi na pilipili, tunatazama ile namba inapanda. Asilimia ishirini. Arobaini. Adhuhuri nikaswali palepale pembeni, na nikitoa salamu upande wa kulia jicho linaibia kuangalia, Mungu anisamehe. Feni zake zilikuwa zinavuma taratibu, na ukiweka kiganja juu unahisi anapumua kweli. Mtoto wa watu nilikuwa nimemziba pua siku mbili!

Saa nane na kitu, mia kwa mia.

Kutuma nako kukawa kituko, mtandao unakwenda kama kobe. Zai akatundika simu kwenye mti wa papai karibu na dirisha ndipo ukashika. Saa tisa na nusu ikafika Dar.

Tukakaa. Begi liko pale katikati ya chumba, limefungwa nusu.

Saa kumi na moja simu ikaita. Zai akaweka sauti kubwa. Mama mmoja wa ile chaneli akasema ofisi nzima wameiangalia, na ni mwanamke gani huyo anayefanya sauti ya fisi, maana wote wanaiga.

Nikaitikia kwa sauti ya fisi.

Basi ikawa ndio kazi. Mwaka mzima, hukuhuku kwetu. Zai akampigia mjomba wake kumshukuru na kumwambia haendi. Na begi mimi ndiye niliyelirudisha chini ya kitanda, kwa mkono safari hii, teke nimeacha.

Nilichojifunza, wanangu. Mkono wangu haukukosea, mashine ni nzuri na inadunda mpaka leo. Yaliyokosea ni mapenzi yangu. Nilikipenda kitu nikakifunika kama ninavyofunika vyangu vyote, bila kukiuliza chenyewe kinataka nini. Na mke mwenzangu naye kakubali kwamba kabla ya kufuta vitu na kuingiza upya, mtu aangalie kwanza bibi yake anafanya nini akiwa hayupo.

Sasa na ninyi semeni. Nani humu mama yake au bibi yake amevisha kitu kitambaa kikafa? Nipeni majina tufarijiane. Na salfa mnaizuiaje, ninyi wa mikoa ya vumbi? Na kitambaa changu nikiweke wapi, maana kimekaa bure na kilinichukua siku tatu? Zai anasema kwenye kiti. Kiti nacho mtu anakikalia, hapana.

Cha mwisho nawaambia, maana hiki ndicho kilichonifanya niwasumbue leo.

Jana tumekaa tunabangua, Zai kaacha kazi mkononi. Akasema, "Bibi, lile neno nililosema la uzito, nalifuta." Nikamwambia nilishalisahau, na ni uongo, sikulisahau. Akasema kwa hela ya kwanza ya hii kazi anaanza na bati la jikoni, halafu anataka kuongeza graphics card.

Akanishika hivi viganja vyangu vyeusi vya mafuta ya korosho, akaniahidi: kuanzia sasa hakuna kifaa kitakachoingia ndani ya mashine yake kabla hajakileta kwanza, akaniwekea mkononi, na mimi nikasema chukua.